Louisville na mto wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu bustani, makumbusho na sehemu za kutembelea

Kila kiangazi maswali ni yaleyale. Mgeni anatoka Nairobi, tumpeleke wapi? Watoto wamefunga shule na mfuko umekauka, tufanye nini? Muhammad Ali amezikwa wapi hasa? Na huu mto, tunaruhusiwa kuvua? Nimeyajibu kwa simu, kwa ujumbe wa sauti na mlangoni mwa kanisa, nikaona heri niyaandike mara moja.

Majibu haya ni kwa wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Louisville, jimbo la Kentucky, na ndugu wanaokuja kuwatembelea. Tuko wengi hapa: watu wa Congo, Burundi, Rwanda, Tanzania na Kenya. Katika shule za umma za mji huu Kiswahili ni miongoni mwa lugha kubwa zinazosemwa nyumbani baada ya Kiingereza na Kihispania. Hata hivyo namfahamu mtu aliyekaa hapa miaka minne kati ya ghala anakofanya kazi usiku na nyumba yake ya kupanga upande wa kusini, na mto Ohio ameuona kupitia kioo cha gari tu, akivuka kwenda Indiana. Nimemwandikia huyo kwanza.

Jina la mji linatamkwaje?

Wenyeji husema "Luavul", haraka, kama waliomeza nusu ya herufi. Ukisema "Luisvil" utaeleweka, ila watajua umefika juzi. Herufi "s" haisikiki kwa sababu jina ni la mfalme wa Ufaransa, Louis wa 16, aliyewasaidia Wamarekani katika vita vyao vya uhuru dhidi ya Waingereza. Mji ulianzishwa mwaka 1778 na George Rogers Clark. Leo una watu zaidi ya 600,000.

Nina mgeni wa siku moja tu. Nimpeleke wapi kwanza?

Mpeleke Waterfront Park, bustani ya ekari 85 iliyo kando ya mto pale katikati ya mji, kisha mpandishe Big Four Bridge kwa miguu. Hakuna kiingilio.

Daraja hili lilifunguliwa mwaka 1895 kwa ajili ya treni, na jina lake ni la kampuni ya reli iliyolitumia. Ujenzi wake uliwaua wafanyakazi 37, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kupiga picha. Mwaka 1969 treni ziliacha kupita. Njia za kulipandia zikabomolewa pande zote mbili, vyuma vikauzwa, daraja likabaki limesimama katikati ya maji kwa zaidi ya miaka 40. Wenyeji wakaliita daraja lisilofika popote. Mwaka 2013 upande wa Louisville ulijengewa njia mpya ya kupandia, inayojizungusha taratibu kama konokono, na mwaka uliofuata upande wa Jeffersonville, Indiana, nao ukafunguliwa. Magari hayapiti kabisa. Bibi wa miaka 70 anapanda bila kuhema, na kigari cha mtoto au kiti cha magurudumu hupita vizuri. Sehemu iliyo juu ya mto ina urefu wa mita 770 hivi.

Mkifika katikati, simameni. Mara nyingi mtasikia mngurumo kabla ya kuona kitu. Kisha chini yenu litatokea kundi la matishari yaliyofungwa pamoja, mara nyingi 15, matatu kwa upana na matano kwa urefu, yamejaa makaa ya mawe au kokoto, na boti moja tu inayasukuma kutoka nyuma. Mimi nimekulia Kigoma, nimeona meli tangu utotoni, lakini mara ya kwanza kuona boti moja ikisukuma mzigo wa namna ile nilibaki nimeshika chuma cha daraja mpaka ikapotea kwenye kona. Mkishuka upande wa pili mko Indiana. Mgeni wako ameona majimbo mawili kwa miguu yake.

Nimesikia hapa kuna maporomoko. Mbona siyaoni?

Kwa sababu mengi yamefunikwa na maji ya bwawa, na kwa sababu hayakuwa maporomoko ya kuanguka kama yale ya Viktoria. Mto ulikuwa ukiteremka futi 26 katika mwendo wa maili mbili hivi juu ya miamba. Hilo lilitosha kuzuia vyombo. Kutoka Pittsburgh hadi Ohio inapoungana na Mississippi, hicho ndicho kilikuwa kizuizi pekee cha asili. Boti zilishusha mizigo kabla ya kufika kwenye miamba, watu wakaibeba kwa miguu na kwa mikokoteni, wakaipakia tena baada ya miamba. Mahali mizigo inaposhushwa hukosi wachukuzi, na penye wachukuzi hukosi mama wa chakula, nyumba ya kulala wageni na soko. Louisville ulizaliwa hivyo. Mwaka 1830 mfereji ulifunguliwa kuikwepa miamba, na leo kuna malango makubwa ya McAlpine yanayopandisha na kushusha vyombo.

Ila miamba yenyewe bado ipo na unaweza kuikanyaga. Vuka uende Clarksville, Indiana, kwenye Falls of the Ohio State Park. Nenda kati ya Agosti na Oktoba maji yanapopungua. Majira ya kuchipua utaona mto tu. Chini ya miguu yako kutakuwa na visukuku vya viumbe wa baharini walioishi miaka milioni 390 iliyopita. Zama hizo eneo hili lilikuwa bahari ya joto yenye maji mafupi, tena kusini mwa ikweta. Yaani ardhi ya Kentucky ilikuwa upande wetu wa dunia.

Nilikwenda na familia moja ya Uvira mwezi wa Septemba. Binti yao wa miaka tisa aliinama akaweka kidole kwenye jiwe lenye vitundu vilivyopangana kama sega la nyuki, akauliza nani alilichora. Nikamwambia ni tumbawe. Mama yake, ambaye aliwahi kuishi Dar es Salaam, akainama naye, akapapasa, akasema: "Kweli. Ni kama yale ya Kunduchi." Walikaa pale saa nzima wakiita kila wakipata lingine lenye umbo la pembe ya ng'ombe.

Ni marufuku kuchukua hata kipande. Vaeni viatu vya kushika, miamba huteleza. Juu yake kuna jumba la makumbusho lenye kiingilio. Ni zuri, lakini kama fedha ni ya mawazo, miamba yenyewe inatosha.

Nikivuka kwa gari kwenda Indiana nitalipa?

Inategemea daraja. Abraham Lincoln, John F. Kennedy na lile la mashariki la Lewis and Clark yana tozo. Hakuna kibanda cha kulipia; kamera inapiga picha ya namba ya gari, na bili inakufuata kwa posta. Watu wengi wamepata barua hiyo, wakaitupa wakidhani ni matangazo, deni likakua. Usiitupe. Clark Memorial, ambalo wenyeji huliita daraja la mtaa wa pili, na Sherman Minton la upande wa magharibi hayana tozo.

Ile meli nyeupe yenye gurudumu nyuma inabeba abiria kweli?

Inabeba, na inaendeshwa kwa mvuke hadi leo. Inaitwa Belle of Louisville. Iliundwa Pittsburgh mwaka 1914 ikiitwa Idlewild, na ndiyo meli ya mvuke ya mtindo wa Mississippi yenye umri mkubwa kuliko zote zinazofanya kazi. Mwaka 1962 ilikuwa imechakaa, ikapigwa mnada. Serikali ya wilaya ikainunua kwa dola 34,000, na wapo waliolalamika kwamba fedha ya umma imetupwa mtoni. Leo ni alama ya mji.

Safari za saa mbili hivi zina tiketi. Ukiwa huna fedha hizo, nenda gatini kabla haijaondoka, maana kabla ya safari hupigwa kinanda cha mvuke kilichowekwa juu kabisa ya meli. Kila noti ni wingu jeupe linalotoka kwenye filimbi ya shaba, na sauti inasikika mbali mitaani. Watoto huziba masikio na kucheka kwa pamoja. Jumatano kabla ya mbio kubwa za farasi za Mei, Belle hushindana na meli nyingine mtoni, desturi iliyoanza 1963, na ukingoni unatazama bure.

Tuambie kuhusu Muhammad Ali. Wapi tuende, na kwa utaratibu gani?

Alizaliwa hapa tarehe 17 Januari 1942, mtoto wa mchoraji wa mabango. Akiwa na miaka 12 aliibiwa baiskeli. Akaenda kumshtakia polisi mmoja aliyekuwa akifundisha ngumi chini ya ukumbi mmoja wa mjini, akisema atampiga mwizi. Yule polisi, Joe Martin, akamwambia ajifunze kwanza kupigana. Miaka sita baadaye, mwaka 1960, alirudi kutoka Roma na medali ya dhahabu ya Olimpiki, katika mji ambao bado ulikuwa na migahawa isiyomhudumia mtu mweusi.

Anzeni na Muhammad Ali Center, katikati ya mji karibu na mto, iliyofunguliwa Novemba 2005. Kabla ya kuingia, rudini nyuma mtazame ukuta wa nje: vigae vyake ukivitazama kwa mbali vinatoa picha za Ali akipigana. Ndani tengeni saa mbili au tatu. Ngumi zipo, lakini uzito umewekwa kwenye mambo aliyoyasimamia: imani yake, kukataa kwenda vitani Vietnam mwaka 1967, miaka aliyonyang'anywa mkanda kwa sababu hiyo. Ndugu wa Congo watasimama muda mrefu panapozungumziwa Kinshasa, Oktoba 1974, alipomwangusha George Foreman raundi ya nane huku uwanja ukiimba kwa Kilingala. Nimewaona wazee wakiwasimulia wajukuu walikuwa wapi usiku ule, na wajukuu kwa mara ya kwanza wakimtazama babu kama mtu aliyewahi kuwa kijana.

Watanzania nao wana kisa chao. Mwaka 1980 Rais Carter alimtuma Ali Afrika kushawishi nchi zisusie Olimpiki za Moscow, na kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye. Hakupenda jambo la kiserikali lipelekwe na mwanamichezo. Kenya ilisusia. Tanzania ilikwenda Moscow, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, wanariadha wake, wakarudi na medali za fedha, za kwanza za nchi. Mimi nampenda sana Ali, na bado naona Mwalimu alikuwa sahihi.

Kisha nendeni Cave Hill, makaburi yaliyoanzishwa mwaka 1848, ekari karibu 300 za vilima, miti mikubwa na maziwa yenye bata. Ali alizikwa hapa Juni 2016, baada ya msafara wake kupita mitaa aliyokulia huku watu wakirusha maua juu ya gari. Kaburi ni la kiasi. Jiwe lake lina maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba kuwatumikia wengine ndiyo kodi unayolipa kwa ajili ya chumba chako mbinguni. Makaburi haya ni mahali pa ibada na huzuni, kwa hiyo vaeni kwa heshima na watoto wasikimbie juu ya makaburi. Mwanzilishi wa mji, Clark, yuko humu pia, pamoja na Colonel Sanders, yule mzee wa kuku wa kukaanga, ambaye ndiye huulizwa zaidi na vijana.

Nyumba ya utotoni iko mtaa wa Grand Avenue, upande wa magharibi, rangi ya waridi. Itazameni kutoka barabarani, na msisumbue majirani.

Pale Belvedere, uwanja wa wazi wa katikati ya mji unaotazama mto, kuna sanamu ya mtu mweusi mwenye bunduki. Ni nani?

Anaitwa York. Jina moja tu, kwa sababu alikuwa mtumwa. Bwana wake alikuwa William Clark, mdogo wake yule George Rogers, aliyeungana na Meriwether Lewis hapa kwenye maporomoko mwezi Oktoba 1803 kwa safari ya kuvuka bara hadi Pasifiki. York alikwenda nao njia yote na kurudi. Aliwinda, aliuguza wagonjwa, na kura ilipopigwa mahali pa kukaa majira ya baridi, ya kwake ilihesabiwa. Waliporejea mwaka 1806 wenzake walipewa malipo na mashamba. Yeye hakupewa kitu, na alipoomba uhuru alikataliwa kwa miaka mingi. Sanamu hii, kazi ya Ed Hamilton, mchongaji mweusi wa hapahapa Louisville, iliwekwa mwaka 2003. York anautazama mto.

Na hapo ndipo pa kuuelewa mto wenyewe. Kentucky ilikuwa nchi ya utumwa. Indiana, ng'ambo ile unayoiona kwa macho, haikuwa. Upana huu wa maji ndio uliotenganisha mtu na mali. Ndani ya Waterfront Park kuna sanamu ya Abraham Lincoln, rais aliyekuja kuwakomboa watumwa, amekaa juu ya jiwe, kazi ya Hamilton huyohuyo. Lincoln alikuja Louisville mwaka 1841 kumtembelea rafiki yake Joshua Speed, na akiondoka kwa meli kwenye mto huu aliona watumwa kumi au kumi na wawili wamefungwa pamoja kwa minyororo. Miaka 14 baadaye alimwandikia Speed kwamba picha ile bado inamtesa. Shamba la familia ya Speed, Farmington, lipo hadi leo na linaonyeshwa kwa wageni.

Mimi kila mgeni wangu humpitisha kwa York kabla ya kitu kingine chochote cha mjini. Sisi tuliotoka Kigoma na Ujiji tunajua njia za minyororo zilipita wapi kwetu.

Bustani gani inafaa familia yenye watoto wengi?

Louisville ina bahati moja kubwa: mwaka 1891 ilimwita Frederick Law Olmsted, mtu aliyesanifu Central Park ya New York, aipangie mfumo mzima wa bustani. Yeye na kampuni aliyowaachia wanawe waliacha bustani 18 na barabara sita zenye miti. Zote ni za umma.

Cherokee ndiyo maarufu, ina vilima, kijito na njia ya kuzunguka. Tarehe 3 Aprili 1974 kimbunga kiliipitia kikang'oa maelfu ya miti. Ukiona miti mingi imelingana umri, sababu ni hiyo.

Kwetu sisi, Iroquois. Iko upande wa kusini tunakoishi wengi, ni kilima kizima chenye msitu wa zamani, na kutoka juu unaona mji wote hadi majengo marefu. Pandeni kwa miguu asubuhi. Jumapili mchana kwenye nyasi za chini utasikia Kiswahili cha Bukavu, Kinyarwanda, Kisomali na Kihispania cha Kuba vikichanganyika na moshi wa nyama. Oktoba kuna njia ya usiku yenye maboga maelfu yaliyochongwa na kuwashwa taa. Hiyo ina tiketi.

Shawnee, magharibi, ndiyo iliyo kando ya mto, tambarare, nzuri kwa mpira. Jirani yake ni Chickasaw, ambayo watu wengi hawaijui. Kuanzia 1924 weusi walizuiwa kuingia bustani kubwa za mji, na Chickasaw ndiyo waliyotengewa. Ubaguzi ulidumu hadi miaka ya 1950. Jirani na Shawnee kulikuwa na uwanja wa michezo ya watoto uliokuwa wa wazungu peke yao hadi 1964. Ali alikulia umbali mfupi kutoka hapo. Chickasaw ni ndogo na ya utulivu, na ina mandhari ya mto ambayo ni vigumu kuipata kwingine. Nendeni mkae.

Tunaruhusiwa kuchoma nyama na kufanya sherehe?

Ndiyo. Bustani nyingi zina majiko ya mkaa na meza. Anayewahi ndiye mwenye nafasi. Mabanda makubwa hukodishwa kupitia idara ya bustani ya mji. Kwa kipaimara, kumaliza shule au kutoa mahari, kodini mapema. Mei na Juni huisha upesi. Mkibanwa na mtu aliyekodi, msibishane, ana karatasi. Majivu ya moto msiyamwage kwenye miti.

Kuvua samaki je? Na kuogelea?

Kuvua unaruhusiwa, kwa leseni. Mwenye miaka 16 na kuendelea lazima awe nayo. Huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya michezo na kwenye tovuti ya idara ya uvuvi ya Kentucky. Askari wa wanyamapori hukagua, na faini inauma kuliko bei ya leseni. Wikiendi ya kwanza ya Juni ni ya kuvua bure bila leseni. Samaki mkubwa hapa ni kambare, na anafika ukubwa wa kumshtua hata mtu wa Tanganyika.

Kumla ni suala jingine. Mamlaka za afya hutoa ushauri kuhusu samaki wa Ohio kwa sababu ya zebaki na kemikali za viwandani, na kambare wakubwa wenye mafuta ndio wa kuangaliwa zaidi. Wajawazito na watoto wadogo wapunguze sana. Someni ushauri wa mwaka husika kabla ya kupeleka ndoo nyumbani.

Kuogelea mtoni, hapana. Nasema hivi nikiwa mtu niliyejifunza kuogelea kabla ya kusoma. Maji haya yanaonekana yamelala, lakini chini yana mkondo, kuna bwawa, na matishari hayawezi kusimama kwa ajili ya kichwa cha mtu. Pelekeni watoto kwenye mabwawa ya kuogelea ya mji, au kwenye sehemu ya maji ya kuchezea pale Waterfront Park wakati wa joto.

Mafuriko yanafika mjini?

Yamewahi. Januari 1937 zaidi ya nusu ya mji ilizama, watu 175,000 wakahamishwa. Baada ya hapo ukajengwa ukuta wa kuzuia maji, ule unaouona ukielekea mtoni. Waterfront Park iko nje ya ukuta makusudi; zamani palikuwa pa vyuma chakavu na mchanga, na ilisanifiwa ifunikwe na maji kisha isafishwe. Aprili 2025 ilizama tena. Ukikuta imefungwa na ina matope, subiri wiki chache.

Kentucky Derby ni nini hasa, na mtu wa kawaida anaweza kuingia?

Ni mbio za farasi wa miaka mitatu, maili moja na robo, dakika mbili hivi, Jumamosi ya kwanza ya Mei, kwenye uwanja wa Churchill Downs, kila mwaka tangu 1875. Siku hiyo tiketi ni ghali na umati hufika watu 150,000. Lakini uwanja una siku nyingi nyingine za mbio kwa bei ndogo, na farasi wanakimbia vilevile. Au nendeni makumbusho ya Derby mlangoni pale. Ziara yake inawapeleka hadi ukingo wa njia ya farasi, na asiyecheza kamari kwa sababu ya dini hana haja ya kucheza.

Humo ulizieni habari za wapanda farasi weusi. Katika Derby ya kwanza, wapandaji 13 kati ya 15 walikuwa weusi, na mshindi, Oliver Lewis, alikuwa mmoja wao. Isaac Murphy alishinda mara tatu. Kisha ubaguzi ukawafukuza kazini. Tangu Jimmy Winkfield mwaka 1902 hakuna mweusi mwingine aliyeshinda.

Na zile fataki kubwa za Aprili?

Thunder Over Louisville, majuma machache kabla ya Derby. Mchana ndege, nyingi za kivita, hupita chini sana juu ya mto. Usiku fataki hulipuliwa kutoka kwenye matishari na daraja la mtaa wa pili. Ni miongoni mwa maonyesho makubwa ya fataki Amerika Kaskazini.

Lakini nina neno kwa waliokimbia vita. Ndege ile haitoi onyo, na mlipuko unaupata kifuani. Nimemwona baba mtu mzima, mchangamfu siku zote, akimlalia mtoto wake kwenye nyasi ndege ilipopita, na watu wa pembeni wasijue la kufanya. Kama moyo wako au wa mzazi wako bado uko kule, tazama kwenye televisheni, au kaa mbali upande wa Indiana. Ukiishi karibu na mto, waambie wazee mapema tarehe na saa.

Watoto wako likizo na fedha hakuna. Tuanzie wapi?

Maktaba. Ombeni Cultural Pass, kadi ya kiangazi inayomwingiza bure mtoto au kijana hadi miaka 21 kwenye makumbusho na sehemu nyingi za mji, kila sehemu mara moja. Mzazi huenda akalipa baadhi ya sehemu, kwa hiyo ulizeni mlangoni. Familia nyingi zetu zinaikosa kwa kuwa hakuna aliyewaambia.

Pia Speed Art Museum, jumba la sanaa lililoanzishwa 1927, limekuwa likifungua milango bure Jumapili. Lina sanaa ya Afrika.

Na kukiwa na baridi au mvua?

Louisville Slugger, wanakotengeneza magongo ya besiboli. Mlangoni kuna gongo la chuma lenye urefu wa futi 120 limeegemea jengo. Ndani mnaona mti ukichongwa hadi kuwa gongo, na kila aliyefanya ziara huondoka na dogo la mkononi. Mega Cavern ni mgodi wa zamani wa mawe ya chokaa chini ya mji, joto lake ni nyuzi 14 mwaka mzima. Desemba unapita ndani kwa gari kati ya mamilioni ya taa. Bustani ya wanyama iko juu yake. Ina sokwe wakubwa, yaani gorila, na ndugu wa Bukavu wasibishane na mtunzaji: hawa ni wa magharibi, tofauti na wa Kahuzi-Biega.

Bila gari tutafika?

Mjini kati, Churchill Downs na Iroquois, ndiyo, kwa basi za TARC. Angalieni ratiba ya Jumapili maana huwa chache. Bernheim, msitu mkubwa ulio mwendo wa nusu saa hivi kusini, unahitaji gari. Ombeni mwenye nafasi mchangie mafuta, kwa sababu huko kuna majitu matatu ya mbao, mama na watoto wake wawili, yaliyotengenezwa mwaka 2019 na Mdenmark Thomas Dambo kwa mbao zilizotupwa. Mama ni mjamzito, ameegemea mti, mkono tumboni. Watoto hupanda miguuni mwake kama kwa bibi.

Kuna siku ya kukutana na Waafrika wengine?

WorldFest, mwanzoni mwa Septemba, wikiendi ya sikukuu ya wafanyakazi, pale Belvedere. Ngoma, vyakula, maandamano ya bendera, na watu huapishwa uraia hadharani. Bure.

Saa gani ni nzuri kwenda darajani?

Kiangazi, saa mbili usiku kwa saa zetu, jua likiwa karibu kuzama upande wa maporomoko. Giza likiingia, taa za daraja huwaka na kubadilika rangi taratibu, na kama ni siku ya safari mtaiona Belle ikirudi gatini. Vaeni koti hata kama chini ni joto. Pale juu upepo wa mto haukosi. Mkimaliza kuvuka, nunueni aiskrimu Jeffersonville, kisha rudini polepole.